Bingwa Bado Anapunguza Uzito

Sumbawanga,
Jumatano

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Namwomba dada yangu Bertilla, atakayeisoma barua hii, asimame mahali ambapo wote watamsikia, kwa kuwa nimeiandika kwa kikao chote. Shikamoo Baba, mwenye nyumba na mwenye kikao. Shikamoo Mama. Shikamoo Baba Mdogo Isdori, na mama zangu wote mlioacha vyungu motoni ili msikilize. Nawasalimu ndugu zangu, mashemeji, na wajukuu mlioambiwa mnyamaze. Natumaini mahindi yameshaingia ghalani na kifua cha Baba kimepata nafuu. Sisi wa mjini tunapumua, na baridi ya mwezi huu mnaijua wenyewe.

Najua mmekutana kupanga safari ya Jumamosi, nani apande gari gani na ngoma zibebwe na nani, mje kumshangilia mdogo wangu Sebastiani. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjafunga mizigo.

Mnafahamu kwamba mji huu ulitoa mabingwa wawili wa ngumi katika kipindi kimoja. Mmoja ni Sebastiani wetu, wa uzito wa bantam, uzito wa watu wadogo. Mwingine ni Andwele, mtu wa Mbeya aliyehamia hapa na biashara ya mahindi, bingwa wa uzito wa juu. Hawakuwahi kupigana wala wasingeruhusiwa. Lakini ukumbi mpya wa michezo ulipohitaji jina, kamati ililichukua swali ambalo vijiwe vyetu havijawahi kuchoka nalo: kati ya hao wawili, ni nani aliyeacha alama kubwa zaidi?

Watu wa Andwele walisema kwamba katika pambano lake usingethubutu kutoka nje kununua karanga, kwa kuwa ungerudi ukute watu wanaondoka. Karibu wote aliwalaza kwa nokauti. Enock mwuza nyama akaongeza kwamba Sebastiani, hata ukimpima na buti zake, ni supu ya mtu mmoja. Watu wetu wakajibu kwamba mabondia wazito wa nchi hii wanaenea kwenye benchi moja, ilhali bantam ni foleni ya vijana wenye njaa kutoka kila mkoa, na foleni hiyo Sebastiani aliizuia mlangoni miaka yote aliyoshika mkanda.

Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, niliombwa kusema mbele ya kamati. Nilisema kwamba ulezi haudharauliwi kwa udogo wa punje. Kila bondia apimwe kwa wale aliokutana nao. Nikasema pia kwamba mtu wa uzito wa juu hula atakacho mpaka siku ya pambano, lakini mdogo hupigana mara mbili, kwanza na sahani yake, kisha na mpinzani wake. Andwele mwenyewe, aliyekaa nyuma, alipiga makofi kabla ya wote. Kamati ikamchagua Sebastiani, nami nikawapigia simu mkashangilia.

Mnakumbuka kwamba zamani hatukuwa na mizani ya mabondia. Siku moja kabla ya pambano walipelekwa sokoni, wakavua mashati, wakapandishwa kwenye mizani ya mahindi mbele ya umati. Kamati ikaona ni vema sherehe ya Jumamosi ya kuupa ukumbi jina ianze vivyo hivyo, kwa heshima ya siku zile. Katibu wao, Jafeti, kijana mwenye adabu zake, alikwenda nyumbani kwa Sebastiani, akampa mkono na kumwambia, “Bingwa, jiandae. Jumamosi unapima uzito.”

Hapa nawaomba mama zangu wajikaze. Tuliwaambia kwamba Sebastiani anasumbuliwa na tumbo. Tumbo lake ni zima. Daktari ametueleza mimi na mkewe, Zita, kwamba ngumi alizopokea kichwani zimeuharibu ubongo wake, na kilichopotea humo hakirudi wala hakina dawa. Tangu Jafeti alipoondoka, mdogo wangu anaamini kwamba ana pambano. Anaamka mapema, anavaa sweta juu ya sweta na koti la mvua, anakimbia mpaka jasho limtoke katika baridi hii. Ugali anausukuma pembeni. Maji anasukutua na kuyatema. Uso wake sasa ni ule wa picha ya ukutani, mwaka alioutwaa mkanda, ila nywele ni nyeupe.

Zita alimwambia kwamba pambano limeahirishwa. Akacheka, akasema hiyo ni hila ya mapromota, wanataka anenepe. Mimi nilimwambia kwamba pambano limekwisha na ameshinda. Akajipapasa uso, akaniuliza kwa upole, “Kaka, mbona sina hata mchubuko?” Tulipomwambia kwamba ameshindwa, alilia kama mtoto, kisha akadai marudiano, na kesho yake akakataa hata uji.

Mwisho alikuja Andwele. Lile pande la mtu lilipiga magoti sebuleni, likamshika mdogo wangu mikono yote miwili. “Seba, nakubali. Wewe ni zaidi yangu.” Sebastiani alimtazama, akamjibu, “Hilo utalisema ulingoni.” Andwele alitoka nje akasimama ukutani, akitugeuzia mgongo.

Mabishano yenyewe ndiyo yanayommaliza. Waendesha bodaboda wanapunguza mwendo langoni: “Bingwa, mambo? Wewe na lile zito, nani mkali?” Wanamheshimu, nao wanamkosesha chakula. Nimewasihi wanyamaze, wananyamaza, wanakuja wengine.

Kwa hiyo naleta mbele yenu neno ambalo mimi na Zita tumelikubali, nanyi mlitekeleze. Jumamosi msije na ngoma. Baba, kwa kuwa wewe ndiye mkuu wetu, itie sahihi karatasi niliyoambatisha, inayosema kwamba ukoo unaliondoa jina la Sebastiani na kuomba ukumbi uitwe kwa jina la Andwele. Yeye amekataa kwa hasira. Nimemwomba akubali, maana mji usipopata jibu utaendelea kuuliza. Watasema wetu alikuwa mdogo kuliko yeye. Tuwaache waseme.

Baba Mdogo Isdori aje na gari Ijumaa. Amwambie Sebastiani kwamba Mama anamwita, kwa kuwa wito wa Mama hajawahi kuukaidi. Kabla hajafika, shusheni picha zote, na mkanda ufichwe kanisani kwa Paroko. Hapo nyumbani aitwe Seba, mwana wa Mathias, mkulima wa Kaengesa. Mtoto atakayemwita bingwa, hata kwa mapenzi, anyamazishwe. Kama atakula huko, sijui. Daktari naye hajui.

Kikao kisifungwe kabla Baba hajatia sahihi. Zita anawasalimu, akimsalimu Mama kwa namna ya pekee. Mungu awaangalie nyote, hasa atakayelazimika kumpikia.

Mimi mwanao,
Adolfu