Wewe Ndiye Uliyefika Kagunga

Karibu na Soko,
Ujiji, Kigoma.
14 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Verediana,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na shemeji Elikana je, kile kifua kimetulia? Nasikia baridi ya Songea imeanza kunyemelea. Sisi wazima, ila mimi mgongo, na macho: juzi nimemshonea katekista kanzu yenye mkono mmoja mfupi, naye kwa upole wake akasema atakuwa anaikunja yote miwili.

Sasa kaa chini, maana nina hasira tangu Jumatatu na mke wangu amekataa kuendelea kunisikiliza.

Unakumbuka tulipomzika kaka Martini mwaka jana, Pastory wa baba mdogo alilia mpaka tukamshika? Kumbe alikuwa analilia shamba. Hata mwaka haujaisha, amekwenda kudai kijijini Simbo kwamba mjane wa marehemu, Leonia, ni mkimbizi wa Burundi, hawezi kurithi ardhi, na ile michikichi yote irudi kwa ukoo. Ukoo wenyewe ni yeye! Na siku hizi kuna msako, anayedhaniwa Mrundi anapelekwa kambini. Mgambo wawili walimkuta Leonia anachemsha mawese wakamwambia afunge mizigo. Mwanamke aliyeipanda michikichi hiyo kwa mikono yake, na mimba ya kwanza tumboni! Amekimbilia kwangu na watoto watatu, sufuria ya mawese kichwani. Anasema hawezi kumwachia Pastory hata mafuta.

Ushahidi wao ni upi? Eti lafudhi yake. Mtu wa Kagunga, pale mpakani kabisa, aongeeje, kama Mzaramo? Wa pili ni cheti cha ubatizo, kina muhuri wa misheni ya ng'ambo ya mpaka, kwa sababu mama yake alimpeleka kwenye kanisa lililokuwa karibu, kama wafanyavyo wote kule.

Wa tatu, Vere, ni mimi. Kwenye baraza la kata Pastory alinisimamisha, sauti imejaa asali: "Kaka Nikodemu, hivi shemeji yako huwa unamsalimuje?" Nami na mdomo wangu huu nikajibu kweli, kwamba huwa namwambia, "Mkimbizi wetu, umeamkaje?" Watu wakacheka. Katibu hakucheka, aliandika. Nikapiga kelele kwamba huo ni utani wa shemeji, kwamba miaka kumi na saba yeye naye ananiita Kipofu na bado ananiletea suruali za wanawe nizishone. Mwenyekiti akaniamuru nikae. Utani wangu umo kwenye jalada. Wake hawakuuandika.

Wakili wa kwanza tuliyemwendea mjini alitutazama viatu, akasema yuko safarini.

Asante Mungu, hapa Ujiji parokia imetoa chumba, na kila Alhamisi wasio na uwezo wanapata msaada wa sheria bure, kwa mambo ya madai tu: mirathi, mashamba, matunzo ya watoto. Mabenchi yametoka madrasa ya jirani. Mashine ya kuchapa imeazimwa na wakulima wa kahawa wa Kalinzi, inashuka mlimani kwa pikipiki imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Mwanasheria ni dada mmoja Mpare, Asnath. Yuko kwenye shirika la wakimbizi, ila Alhamisi yake anatupa sisi.

Amemwandikia Leonia shauri lake, na litasikilizwa mahakama ya mwanzo tarehe 20 Aprili. Mawakili hawaruhusiwi kusimama huko, kwa hiyo anamfundisha kujieleza mwenyewe, nami ndiye hakimu wa mazoezi. Leonia anasema hakimu ananuka mafuta ya cherehani.

Asnath alinifokea pia, kwa adabu: "Mzee, kuanzia leo mwite kwa jina." Kisha akataka shahidi aliyeiona nyumba aliyozaliwa Leonia. Waliokwenda kumchukua bibi harusi mwaka 1981 tumebaki wawili, mimi na wewe. Ikabidi nikiri kwamba mimi nilitapika botini mpaka mkanishusha Mwamgongo, nikala wali wa watu nikiwasubiri. Alicheka hadi kalamu ikamdondoka. Kwa hiyo aliyefika Kagunga ni wewe peke yako.

Nakuomba uende kwa hakimu wa huko, ukale kiapo cha maandishi. Eleza nyumba ya wazazi wake, kaburi la babu yake ulilotuhadithia, na kwamba vyote viko upande wetu wa mpaka. Sema ulichokiona tu, usitie chumvi. Chumvi ni yangu, na umeona imetufikisha wapi. Tuma kwa rejista, treni zetu unazijua.

Tangu siku ile namwita Leonia "Mama Regina", kwa heshima zote, kama mgeni wa serikali. Jana aliweka ungo chini akanitazama. "Mwandikie wifi afanye haraka," akasema. "Hizi heshima zako zinanitisha kuliko mgambo."

Msalimie sana shemeji Elikana na Edina wenu. Clementina wangu anakusalimu, na Leonia pia. Mungu akulinde, na huyo hakimu umkute ameamka vizuri.

Wako akupendaye, asiyefika Kagunga,

Kaka Nikodemu