Vigingi vya Chokaa

Neema mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi wazima. Shangazi yako wa Daraja Mbili kajifungua mtoto wa kiume, na jirani kagombana tena na mkwewe, hayo utayasikia ukija.

Unauliza, mtu akija hapo ofisini kwenu kuomba kuona faili, bosi akasema ni siri, wewe ufanyeje?

Enzi za Mwingereza, wapima ardhi walikuja kwetu Meru. Mama yangu akaenda bomani, ofisini kwa DC, kuuliza kama shamba letu limo kwenye ramani yao. Karani akamjibu, "Mama, hiyo siri ya serikali."

Siri gani, na vigingi vya mpaka walivyopigilia wamevipaka chokaa vionekane? Tulipoenda kukata majani ya ng'ombe, sisi wanawake tukavifuata kimoja kimoja. Kumbe mstari unapita kati ya nyumba yetu na zizi!

Siku ya baraza mama akasimama mbele ya DC. "Bwana, naomba kujua tu. Ng'ombe wangu sasa analala kwa serikali?"

Watu wakacheka, hata karani. Ramani ikatandazwa chini, kila mtu akaona.

Mstari haukusogezwa. Ila kwa kuwa alijua mapema, mama aliwahi kuvuna kahawa yake na kuhamisha zizi kabla serikali haijachukua upande ule.

Unanijua kwa umbea, lakini ugonjwa wa mtu siutangazi, siri hiyo ni ya mgonjwa. Basi muulize bosi wako kwa heshima, faili hilo likifungwa linamlinda nani?

Zizi lile ndimo unamokamulia ng'ombe ukija likizo.

Bibi yako