Bega Lililowekwa Kinyume

Nyaishozi, Karagwe
Msimu wa kuanika kahawa

Mdogo wangu mpendwa Melkiory,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Habari za hapo Isingiro? Watoto na wajukuu hawajambo? Huku sisi tu wazima, migomba inazaa, na mimi bado napumua, ingawa wapo wanaoshangaa.

Wifi Sperancia alinipigia simu jana akilia. Amesema umeanguka na baiskeli yenye gunia la kahawa, mfupa wa mkono umevunjika juu kabisa karibu na bega, nawe umefungwa vijiti na kamba za mgomba. Hospitali umeikataa katakata kwa sababu mimi, dada yako, nilikwambia kwamba madaktari waliniwekea bega kinyume. Ni kweli nilikwambia. Sasa soma mpaka mwisho, usiishie katikati kama ulivyozoea.

Mwaka jana nilipoteleza shambani, daktari alisema mfupa wangu umepasuka vipande vingi, na kwa umri wangu vyuma vya kuunganishia visingeshika. Alitaka kuondoa kiungo kizima na kuweka bega la bandia. Nikamtazama mwanangu Winston, yeye akatazama dirishani. Nikajua kuna jambo. Nani humpa kikongwe kitu kipya? Nilidhani wanataka kujifunzia kwangu. Nilikubali kwa sababu ya maumivu tu.

Baada ya upasuaji nilianza upelelezi. Muuguzi akitabasamu, najiuliza anaficha nini. Waliponipa picha ya eksirei, niliiinua kwenye mwanga. Melkiory, nimekatakata nyama ya mbuzi tangu nikiwa msichana. Kichwa cha mfupa huwa mkononi, kikombe chake huwa begani. Kwenye picha yangu tufe la chuma lilikuwa begani, na kikombe kilikuwa mkononi! Daktari alieleza kwamba imekusudiwa hivyo, kwamba kano zangu zilikuwa zimechanika, na bega likigeuzwa, msuli mkubwa wa juu ndio unaoinua mkono. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni nikasema hata mwizi akikamatwa huwa na maelezo.

Walinifundisha kuusogeza mkono kidogo kidogo kila siku. Nilipofika nyumbani nikauacha umening'inia kwenye kitambaa chake, nikihofia kile kitu kitachomoka. Winston akiuliza, namwambia nimeshafanya mazoezi. Wewe peke yako nilikwambia ukweli, nawe ukanisifu kwa akili.

Wiki iliyopita nilikwenda kliniki. Nilikaa benchi moja na Nyirabageni, mkulima wa Ihanda, mkubwa kwangu kwa umri, ambaye tulilazwa naye kwa upasuaji uleule. Nikamwomba picha yake. Tufe begani, kikombe mkononi, vilevile kama yangu. Nilikuwa karibu kumwambia twende tukashtaki. Mara kitambaa chake cha kichwani kikalegea. Akainua mikono yote miwili, akakifunga kisogoni huku akiendelea kunisimulia habari za maharage yake.

Nikamrudishia picha yake. Mkono wangu mimi unafika mdomoni, basi. Mackrine, mke wa Winston, ndiye anayenifunga kitambaa cha kichwani kila asubuhi, na nashuku anakipindisha makusudi. Daktari alinipima, akasema bega ni zima, ila mkono umekakamaa kwa kutotumika, na huenda usirudi wote. Nimelia, mdogo wangu. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Nimeuharibu mkono wangu mwenyewe kwa kushuku watu, na sasa nakaribia kuuharibu na wa kwako.

Mkono wako umevunjika juzi tu. Panda gari hivyo hivyo na vijiti vyako, uende. Pengine hutahitaji bega la bandia, wataamua wao wakishaona picha. Wakikuambia fanya mazoezi, fanya, hata ukidhani wanakudanganya. Mimi bado simpendi yule daktari, anacheka mno.

Tangu utotoni umeamini kila nilichokishuku. Safari hii nishuku mimi.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mkifika hospitali, simu anipigie Sperancia, maana ukinipigia wewe kusema umekwenda, sitaamini.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Avelina