Ugoro Ulionifunga Changamwe

Kwa Baba yangu,

Shikamoo Baba. Kifua kimetulia? Na Mama, mguu unamruhusu kufika shambani? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauna raha tangu niliposoma katika barua yako kwamba shemeji zangu watakuja kumchukua Mueni mvua zikiisha, eti mume wake amepotelea pwani.

Sikupotea, Baba. Nimekwama. Kazi yetu ni kujaza petroli ya jeshi kwenye madebe, na humu ndani kukutwa na kiberiti au sigara ni kosa kubwa kuliko wizi. Sasa huku kila watu na tumbako yao. Wajaluo wanavuta sigara, na mama zao huigeuza, moto ukakaa ndani ya mdomo. Hata nikikuapia hutasadiki. Wagiriama wanatafuna. Sisi Wakamba tunanusa. Basi nyapara ametupanga kwa tumbako. Wavutaji wako nje kwenye malori, nao hupewa ruhusa ya kwenda kwao. Sisi tusiohitaji moto tumewekwa ndani mpaka vita viishe.

Nilimwomba anipe ruhusa. Akasema, "Nikikuachia wewe, ndani nimtie nani? Hawa wa sigara, watuchome sote?"

Kazungu, Mgiriama ninayelala naye chumba kimoja, akanishauri: "Ndugu yangu, we ingia na sigara mfukoni. Watakufunga kidogo, kisha watakufukuza, uende kwa mkeo." Niliogopa sana, lakini nilinunua sigara moja, nikaitia mfuko wa shati ionekane.

Askari wa langoni ni mzee wa Kisauni, mpole. Akaichomoa, akacheka. "Mwanangu, wewe Mkamba. Sigara waijulia wapi? Kuna mtu akutakia mabaya. Haya, pita kazini." Nikamwambia ni yangu, nikaapa. Akaipachika sikioni mwake, akanisukuma mgongoni taratibu, kama mtu anayempeleka mtoto shule. Nikaingia, nikajaza madebe mpaka jioni.

Nisalimie Mama, na mdogo wangu anayechunga ng'ombe, na shangazi anayekusagia ugoro, hana kosa.

Shemeji zangu wakifika, wape viti, uwaeleze yote haya. Najua watacheka, maana hata mimi ningecheka. Mueni tu ndiye ninayemwomba asicheke.

Ni mimi mwanao,
Mutua