Yeye, kwa Kirusi

Tartu, 11 Februari 2018

Mjomba Endel, shikamoo.

Habari za huko kijijini? Goti linaendeleaje, na theluji imeshafika dirishani au bado? Sisi tu wazima, ila Mama ana mafua na hataki kupumzika; anasema kulala ndiko kunakoleta ugonjwa. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu huisikii, na kompyuta unaiita televisheni ya wavivu.

Mjomba, nina shida. Makumbusho yetu yanaandaa maonyesho ya barua za mapenzi za enzi ya Wasovieti, barua za watu wa kawaida tu: wakamuaji, madereva, makarani wa kolhozi, yale mashamba ya pamoja ya serikali. Ukuta wa wachumba na wa mke na mume umejaa hadi juu. Lakini ipo kona niliyoipigania mwenyewe mpaka mkurugenzi akachoka, kona ya wanaume waliopenda wanaume na wanawake waliopenda wanawake. Hiyo ni tupu. Wanaume wale walikuwa wakifungwa jela, kwa hiyo walichoma kila karatasi, na waliobaki hai hawaniamini. Nina picha mbili na kadi moja ya posta. Naogopa wazee hawa wataondoka na itakuwa kama hawakuwahi kuishi.

Wewe umepima mifereji ya wilaya nzima, unajua watu. Ukiwa na barua yoyote ya zamani, au ukimjua mwenye nayo, nisaidie.

Mpwa wako,
Liivi


Himmaste, 2 Machi 2018

Liivi mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Goti langu linatabiri hali ya hewa vizuri kuliko redio, na viazi vya pishini havijaganda. Mwambie mama yako alale. Tangu utotoni dada yangu huyo hajawahi kunisikiliza, lakini mwambie tu.

Nimekupatia barua moja. Ni yangu, niliandikiwa mwaka 1981. Zipo nyingine kumi na mbili, hizo ziache kwanza. Sikuandikii maelezo, kazi hiyo ndiyo mliyoisomea. Nimesoma vizuri ulivyonieleza kuhusu kuta zako na kona yako. Iweke unapoona panafaa.

Mjomba wako,
Endel


Tartu, 26 Aprili 2018

Mjomba mpendwa, shikamoo!

U mzima? Umeshaanza kuchimba bustani na goti hilo? Mama amepona na amerudi kugombana na majirani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Barua yako imekuwa nyota ya maonyesho! Wageni wanasimama hapo kuliko popote. “Leo maziwa yamepimwa mafuta asilimia tatu nukta nane, na nimekukumbuka tangu ndoo ya kwanza. Buti zako ulizisahau kwangu. Nilizikausha jana, nikazikausha tena leo, ingawa zilishakauka.” Mjomba, nililia ofisini! Nimeitundika katikati ya ukuta wa wachumba, na imechapwa kwenye kijitabu ninachokutumia, ukurasa wa kumi na nne, kwa Kiestonia, Kirusi na Kiingereza.

Sasa tuambie, nani huyu aliyetia sahihi “I.” peke yake? Mama anaapa ni Imbi wa duka la Kanepi, yule mwenye meno mazuri. Kumbe ulikuwa mtu hatari hivyo, mzee wangu, na sisi tukadhani unapenda mifereji tu!

Mpwa wako anayekuonea fahari,
Liivi


Himmaste, 2 Mei 2018

Liivi,

Salamu. Goti ni lilelile.

Nimesoma ukurasa wa kumi na nne. Kirusi nilifundishwa miaka mitatu jeshini na sijakisahau. Kitenzi cha Kirusi kina kike na kiume, na ile “nilizikausha” mmeiandika ya kike. Na chini mmeandika “mchumba wake wa kike”.

Lugha yetu ina “yeye” mmoja tu, wa mwanamume na wa mwanamke ni huyohuyo. Namshukuru Mungu kwa neno hilo. Miaka hamsini watu wameniuliza yuko wapi huyo mtu wako, nami nikawajibu: yeye yuko kazini, yeye anaumwa, yeye amefariki. Walisikia walichotaka kusikia. Nilinyamaza, ndiyo, lakini uongo sikusema hata siku moja. Uongo wa kwanza umeuandika wewe, kwa jina langu, kwa herufi za chapa.

Iondoe barua, unirudishie. Nilidhani utaielewa. Zile kumi na mbili zitaingia kwenye jiko la sauna Jumamosi hii nikiwasha moto wa kuoga mvuke, nipumzike. Usije.

Endel


Tartu, 4 Mei 2018, Ijumaa

Mjomba wangu,

Nisamehe, leo siwezi kuanza na habari za afya. Barua yako nimeipata saa nne asubuhi. Nimepiga simu mara sita, hupokei. Umesema nisije, nami siji, lakini karatasi hii nampa mkononi dereva wa basi la saa nane, ameahidi kukufikishia mlangoni.

Kosa ni langu, si la mfasiri. Kirusi hakikumruhusu kusema “nilizikausha” bila kujua aliyekausha ni mwanamume au mwanamke. Akaniuliza. Nikacheka, nikamwambia: wa kike, bila shaka, huyu ni mjomba wangu! Mimi, Mjomba! Mimi ninayezunguka nchi nzima nikiwabembeleza wazee wanifungulie makabati yao, nikalaumu kwamba hawaniamini. Wewe ulinifungulia bila kubembelezwa, ukaniambia niiweke panapofaa, na sikukuona. Nimeona haya mpaka masikio yanawaka.

Kadi ya maelezo nimeshaitoa. Vijitabu nimevirudisha stoo vyote, mkurugenzi amepiga kelele na mimi nimepiga zaidi. Barua bado ipo ukutani, nitaishusha ukisema tena. Sikuulizi jina lake. Sikuombi zile nyingine uniletee. Naomba kitu kimoja: usizichome. Ziweke chini ya kitanda, zifukie kwenye viazi, popote. Ukizichoma utakuwa umewafanyia kazi yao wale waliotaka kumfuta.

Mpwa wako,
Liivi


Tartu, 28 Mei 2018

Mjomba, shikamoo.

Natumaini u mzima. Mama kaniambia alikuona kwenye soko la Põlva ukinunua miche ya nyanya na ukamkwepa, kwa hiyo najua kwamba u hai na miguu inafanya kazi.

Wiki tatu sasa. Dereva anasema barua alikupa mkononi. Sijui kama ulikuwa umeshawasha moto. Kila Jumamosi nikiona moshi wa sauna ya mtu nalifikiria jiko lako. Ukutani nimeweka kadi isiyo na neno. Wageni wanauliza, nawajibu tunasubiri.

Mpwa wako,
Liivi


Himmaste, 10 Juni 2018

Liivi mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kabisa, nyanya zimeshika, na goti jana halikusema kitu. Natumaini nawe unakula, maana mama yako anasema umekonda kwa ajili yangu.

Sikuzichoma. Hilo kwanza, usome ulale.

Moto nilikuwa nimeshauwasha. Dereva wako alichelewa, gari lilipata pancha likalala njiani, akanifikia Jumamosi mchana nimesimama na boksi mkononi. Nikasoma barua yako nimekaa kwenye benchi la kuvulia nguo. Unajua kwa nini zipo kumi na tatu tu? Mwaka 1979 polisi walimwita kituoni mwandishi wake, wakamhoji siku mbili. Siku hiyo nilichoma barua arobaini katika jiko hilohilo, kisha nikaoga kwa moto wake, kwa sababu jirani angeshangaa sauna inawaka na hakuna anayeoga. Alipoachiliwa nilimwambia zote zimeungua. Hakunilaumu. Alisema tu, “Basi nitaandika upya.” Na aliandika. Ningewezaje kumchomea mara ya pili? Nikaoga vizuri, nikatoka, boksi likiwa kavu.

Wiki zote zilizofuata nilikuwa natafuta ujasiri wa kumwambia mama yako. Watu wengine hawanihusu, lakini Salme ni dada yangu. Juzi akaja mwenyewe, ametuna, kisa nilimkwepa sokoni. Nikamwambia akiwa bado hajavua koti. Akakaa. Akafungua kifungo kimoja cha koti. Halafu akalipuka.

“Miaka thelathini, Endel! Miaka thelathini nakutafutia wajane! Yule wa Räpina nilimbeba na keki yake kwenye baiskeli, unakumbuka? Ungenikoholea tu!”

“Ungenielewa?”

“Sijui,” akasema. “Wakati ule, sijui. Lakini miguu yangu ingepumzika.”

Tukacheka mpaka akaanza kulia, au mimi ndiye niliyeanza. Kisha akavaa miwani, akazisoma zote kumi na mbili, chai ikapoa. Liivi, sijui nikuelezeje. Nimekuwa mwepesi. Naamka asubuhi nashangaa kuna nini kimepungua.

Anakuletea boksi Jumatano, hataki kulituma kwa basi. Kwenye kadi andika hivi: Ilmar Kõiv, mpima maziwa, 1938 hadi 1996, kwa Endel, mpima mifereji, aliyempenda. Iweke kwenye kona yako. Na Kirusi kiwe cha kiume, kitenzi kwa kitenzi. Nitakuja kukikagua.

Mjomba wako,
Endel


Himmaste, 3 Julai 2018

Liivi mwanangu,

Nimefika salama, na mama yako pia, ingawa ndani ya basi aliwasimulia abiria habari za maonyesho mpaka tukashuka. Sijambo. Nimechoka uchovu mzuri.

Wakati mmekwenda kuchukua kahawa kuna jambo lilitokea, sikutaka kulisema mbele ya watu. Nilikuwa nimesimama kwenye kona yako nakagua kadi. Mama mmoja Mrusi, wa Narva, akaja akasoma kwa sauti, taratibu, na kila kitenzi kilikuwa sahihi. Akaniona namwangalia. Akaniuliza kwa Kirusi, “Samahani, mzee, unamfahamu huyu?”

Kwa Kiestonia ningepata pa kujificha, ningesema yeye hivi, yeye vile. Kwa Kirusi hakuna. Ukimtaja mtu umeshamtaja. Nikajibu kwa sauti: “Nilimfahamu. Huyu mwanamume alikuwa mpenzi wangu miaka ishirini na saba.”

Nikasubiri. Hata sijui nilisubiri nini, pengine dari lianguke.

Yule mama akaisogelea barua, akaitazama tena, akasema, “Alikuwa na mwandiko mzuri.”

Nikamwambia ndiyo, wangu haukuwahi kuufikia.

Mjomba wako,
Endel