Udongo wa Nyumba ya Komini

Jumanne

Jiwe la kijani, kubwa kama ngumi. Lilitoka mita moja tu chini ya kiwanja cha nyumba ya komini.

Nyumba hiyo, ofisi ya utawala wa mtaa, nimeichora kwa mfano wa vichuguu vya huku kwetu: kuta nene za matofali ya udongo wa pale pale, matundu ya hewa, bila klimatizeri ya kupoza hewa. Leo tulichimba udongo wa kupima. Tata Ilunga, fundi wangu, aliliona jiwe, akatazama nyuma kwanza.

"Ni shaba. Tufukie, tata. Batu bakijua, batachimba mpaka chini ya manyumba."

Tukafukia.

Mama Kapinga, jirani wa kiwanja, akatufuata. Mumewe alifia katika shimo la wachimbaji, akamwachia nyumba tu.

"Tata, mulipata nini mule?"

"Udongo tu, mama. Muzuri wa matofali."

Akashusha pumzi. "Aksanti, tata. Basi mi nitabakia mu nyumba yangu."

Sikumwambia kwamba gunia la kwanza la udongo wa shimo lile lile, tulilojaza kabla ya kuliona jiwe, lilikuwa limekwisha kwenda maabara. Kesho watu wa maabara watajua kama lina shaba. Barua ya kuomba lipimwe niliitia sahihi mwenyewe.