Nyumba ya Shuka

12 Februari

Shikamoo Mama,

Hujambo, na mgongo je? Mimi mzima, ila usingizi naumalizia kwenye basi. Mama, halmashauri imebadilisha sheria. Kiwanja cha nyumba moja sasa kinaruhusiwa kupandishwa ghorofa, na hulazimishwi tena kutenga nafasi ya gari ambalo huna. Kutwa nachora ramani za nyumba za watu hapa ofisini, nikaona nichore na yetu. Juu vyumba vya wapangaji, kimoja changu. Nimechoka kulala kwa zamu na wenzangu. Nataka kurudi nyumbani, na nyumbani wajukuu wako wamejaa. Sema ndiyo.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mgongo unanikumbuka asubuhi tu. Ramani nimeigeuza juu chini, naona mistari mitupu. Nyumba hii aliijenga baba yako, mpaka leo nasikia nyundo yake. Niache kwanza.

Mama

20 Aprili

Mwanangu,

U hali gani huko? Usinicheke. Mimi fundi cherehani, nguo siielewi mpaka niikate, basi na ramani yako nimeikata. Nimeshona vile vyumba vya juu kwa shuka kuukuu, ukubwa wa kweli, nikavitundika kwenye kamba uani. Kila ukuta nimeuachia nafasi ya mshono, tena ya kutosha, isije ikabana. Upepo ukija, nyumba inapumua. Majirani wanapiga hodi kwenye shuka. Yule mkunga anayepanga hapo jirani ameshachagua chake, akitoka zamu analala humo mchana na wanawe. Jana nilikaa chumbani kwako, jua likapenya kitambaa, nikajikuta nalia kwa furaha. Ndiyo, mwanangu. Tujenge.

Mama

28 Aprili

Shikamoo Mama,

Natumai u salama. Barua yako imeniliza mbele ya abiria. Lakini Mama, tofali haliachiwi nafasi ya mshono. Vyumba ulivyowaonyesha watu vimezidi ghorofa yenyewe. Kwa ukubwa huo, kimoja lazima kitoke. Mkunga umeshampa neno lako, na sitaki uaibike. Toa changu. Nitazoea.

Mwanao

1 Julai

Mwanangu,

Salamu nyingi, na wajukuu wanakusalimu. Nimekawia kwa sababu nilikuwa nafumua. Nimepima upya na ni kweli, kimoja kimezidi. Nilikwenda kwa mkunga nimwambie, nikamkuta anawaonyesha wanawe kitanda kitakaa wapi, nikageukia mlangoni. Siku nzima nilizunguka kati ya shuka kama mgeni. Halafu nikakibeba cherehani changu, nikakitoa kwenye chumba cha kushonea mpaka barazani. Wateja walinicheka, sasa wamezoea, na wapita njia nao wanaleta suruali. Chumba chako cha juu nimekifuta. Wewe utalala chini, humo nilimokuwa nashonea, chumba alichokianza baba yako kabla ya vyote. Mafundi wameshapandisha ukuta.

Usiniambie tena nikutoe. Njoo na nguo zako zote, usiache hata moja huko.

Mama